Watazamaji laki mbili, chupa kumi na moja

Video ilikuwa ya sekunde 38. Inaonyesha pipa la plastiki la lita 100 ndani ya chumba cha nyuma kwa shangazi yangu, mtaa wa Isevya hapa Tabora mjini, na juu ya mfuniko kijibomba chenye maji kinachotoa mapovu: blup, blup, blup. Shangazi haonekani. Inasikika sauti yake tu: "Nyuki wamemaliza zamu yao. Sasa ni zamu ya hamira." Niliiposti Jumanne usiku, Juni 2023. Kufika Ijumaa ilikuwa imetazamwa mara 210,000. Katika miezi miwili iliyofuata, chupa za mvinyo wake wa asali zilizouzwa kwa sababu ya video ile, zikafika mkononi mwa mnunuzi na pesa ikabaki kwetu, zilikuwa 11.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu simu nilishika mimi. Nina kibanda cha stesheneri karibu na stendi. Nachapa, natoa fotokopi, na miaka ya karibuni nawatengenezea watu mabango na video fupi za biashara. Haipiti wiki bila mtu kuja na simu yake akisema, "Na mimi nataka nitrendi kama shangazi yako." Namuuliza anauza nini, mnunuzi wake anakaa wapi, mzigo unasafirije. Wengi hawayapendi maswali hayo, wanataka nianze kurekodi. Basi kisa chenyewe ndicho hiki, pamoja na hesabu za kwenye daftari ambalo shangazi hulifungia kabatini na vyeti vyake vya ualimu.

Kilichokuwa kinauzwa

Shangazi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Upande wa mumewe ni warina asali wa Sikonge, watu wa mizinga ya magogo na ya magome iliyotundikwa juu ya miyombo. Msimu mkubwa ukifika, kati ya Mei na Julai, asali inaingia nyumbani kwa madumu, na inaingia nyumba zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo bei inalala. Mwaka 2021 akaanza kujaribu kuigeuza mvinyo.

Kuna jambo la jina ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililotusumbua kuliko yote. Unyamwezini pombe ya asali si kitu cha kufundishwa na mtu. Wanzuki ipo, kila mzee anaijua, hunywewa ingali inachacha na haikai siku nyingi. Shangazi alitaka kitu kingine kwa malighafi ileile. Kilo moja ya asali kwa lita tatu za maji. Hamira ya mvinyo, siyo ya maandazi. Pipa lililofungwa, gesi ikitoka kupitia maji ya kijibomba bila hewa ya nje kuingia. Asali ina sukari tele lakini ina uhaba wa virutubisho ambavyo hamira inavihitaji, ndiyo maana inachacha polepole kuliko maji ya zabibu, na usipoiongezea chakula inaweza kuzubaa katikati ya safari. Baada ya wiki kadhaa anauhamishia pipa jingine, mashapo yanabaki chini, halafu anauacha utulie miezi mitatu hadi minne. Ukitoka hapo ni mkavu, rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji, kilevi karibu asilimia 12.

Pipa moja linatoa chupa 120 za mililita 750. Alikuwa na mapipa manne, mizunguko miwili kwa mwaka. Hizo ni chupa 960, kama hakuna pipa lililoharibika. Namba hiyo niliijua tangu mwanzo na sikuitilia maanani.

Asali ya chupa moja ilimgharimu kama shilingi 1,500. Chupa yenyewe, kizibo na lebo vilikula zaidi ya asali, na hilo huwashangaza watu wote wanaodhani utajiri wa mvinyo umo ndani ya pipa. Bei ya kuuzia ilikuwa 15,000. Wateja wa kwanza walikuwa walimu wenzake, wanakwaya, na nesi mmoja jirani aliyekuwa akinunua mbili kila mwisho wa mwezi. Kwenye rafu za maduka ya hapa alikuwa anashindana na mvinyo wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa kutoka Afrika Kusini. Mtu akiona chupa isiyo na picha ya zabibu aliuliza kama ni dawa ya kikohozi.

Makaratasi yalichukua miezi kumi na minne: mafunzo SIDO, shirika la viwanda vidogo, alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, leseni ya vileo, stempu za kodi za kielektroniki ambazo zimekuwa lazima kwenye mvinyo tangu Januari 2019. Mimi nilitaka turekodi video wakati makaratasi yanaendelea. Yeye alikataa katakata, na namshukuru: wiki ya pili baada ya ile video kusambaa, afisa mmoja alipiga simu kwa upole akiuliza kuhusu kibali. Shangazi alimsomea namba za vyeti kwa sauti ya kuita mahudhurio darasani. Simu haikufika dakika mbili.

Mfano nilioukopi kinyume

Wazo la video lilikuwa langu, na sikulibuni. Nililipata kwenye mafunzo ya ujasiriamali, ambako mkufunzi alitusimulia habari za Gary Vaynerchuk, Mmarekani aliyezaliwa 1975 huko Babruysk, Belarus ya leo, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Baba yake alikuwa na duka la vileo Springfield, New Jersey. Kijana akaweka kamera mezani, akaonja mvinyo mbele yake kila siku ya kazi, akitema kwenye ndoo yenye nembo ya timu yake ya mpira, New York Jets, na biashara ya familia ikapaa kutoka mauzo ya dola milioni 3 kwa mwaka hadi milioni 60. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa, na hivyo ndivyo nilivyomsimulia shangazi jioni moja akipepeta mchele.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Baba, siku huyo kijana anaanza kujirekodi, dukani kwao kulikuwa na chupa ngapi?"

Sikujua. Nilikwenda kusoma, na nikakuta simulizi ile imepangwa kichwa chini, miguu juu. Vaynerchuk alifungua duka la mtandaoni mwaka 1997. Alikuwa akiwaandikia wateja barua pepe na kununua matangazo kwenye utafutaji wa Google wakati matangazo hayo bado ni senti chache. Ukuaji ule wa mamilioni sehemu yake kubwa ulikuja kwa njia hizo. Kipindi chake cha video, Wine Library TV, kilianza Februari 2006, YouTube ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kikaendelea hadi Machi 2011 kwa vipindi 1,000. Kwa maneno mengine, alipoiwasha kamera tayari alikuwa na ghala, orodha ya wateja, na utaratibu wa kumfikishia mtu katoni mlangoni. Tena aliuza mvinyo wa watu wengine. Akiishiwa, aliagiza. Shangazi akiishiwa inabidi angoje miezi sita.

Hayo yote niliyasoma kabla ya kuposti. Nikaposti hivyo hivyo, kwa sababu nilidhani tatizo la kuishiwa ni tatizo zuri, la kulishughulikia likija.

Wiki za kelele

Maoni yalipita 1,100. Niliyasoma yote, mengine kwa sauti, shangazi akicheka. Sehemu kubwa ilikuwa ugomvi wa wanaosema "hiyo si wanzuki tu imevalishwa suti" na wanaowajibu. Wengine walitaka kanuni ya kutengeneza. Wapo waliotukumbusha haramu, kwa adabu na bila adabu. Tabora mjini ni mji wa misikiti ya siku nyingi. Shangazi ana majirani Waislamu pande zote mbili na alikwisha kujiwekea sharti kwamba harekodi nje ya ukuta wake, na Ramadhani haposti kabisa. Hilo halikuwa mbinu ya masoko. Ni watu anaopelekeana nao chakula.

Takwimu za akaunti zilionyesha watazamaji walikokuwa: Dar es Salaam kwanza, kisha Nairobi, Mwanza, Arusha. Tabora hawakufika wawili katika kila mia. Mitandao ya video fupi inampelekea mtu kile kinachofanana na alichokwisha kukitazama, na waliopenda mapovu ya pipa letu walikuwa watu wanaopenda video za vitu vinavyochemka na kutoa mapovu. Kuna aliyeandika kwamba inamsaidia kulala.

Watu tisa wa Dar walitaka kununua kweli. Nilipokea pesa za chupa 31 kwa simu kabla sijauliza chupa zitasafirije. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki, na halina uhusiano wowote na kamera. Mabasi mawili yalikataa kubeba vileo vya chupa. La tatu lilikubali katoni moja. Nilizifunga chupa 12 kwa magazeti na vipande vya godoro. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba pembe ya ndovu njia hiyo mabegani hadi pwani, na reli imefika Tabora tangu 1912, kwa hiyo huwezi kusema mji huu haujui kusafirisha mzigo. Lakini pembe haivunjiki. Chupa tatu zilivunjika. Ya nne ilifyatua kizibo yenyewe ndani ya buti la basi, na hiyo iliniuma zaidi.

Ilifyatuka kwa sababu ilitoka pipa la tatu, na pipa la tatu lilijazwa kwenye chupa kabla ya wakati kwa sababu mimi nilikuwa namharakisha shangazi: watu wanasubiri, shangazi, watu wanasubiri. Kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kuonyesha sukari iliyobaki, kilikuwa hakijashuka hadi pale alipopataka. Akanisikiliza mara moja hiyo. Ndani ya chupa hamira ikaendelea na zamu yake, joto la buti likaiongezea ari. Chupa 60 na ushei zilizobaki za pipa lile tulizifungua moja moja, tukazirudisha pipani.

Zilizofika salama zilikuwa 8. Ongeza 3 zilizonunuliwa hapa Tabora na watu waliosema wameona video. Zile 23 nyingine za Dar ilibidi turudishe pesa, shilingi 345,000, ila mteja mmoja alikataa kurudishiwa akaomba asali.

Huyo ndiye aliyetufumbua macho. Nilirudi kwenye maoni na kwenye ujumbe wa faragha nikihesabu waliouliza, "Asali yenyewe mnauza?" Walikuwa wengi kuliko wanaoulizia mvinyo, na kati yao wapo waliosema wazi kwamba hawanywi. Asali inakaa kwenye kopo la plastiki, haivunjiki, haifyatuki, na basi halina neno nayo. Kwa miezi miwili tuliuza kilo 64 kwa 12,000 kilo. Hizo ni shilingi 768,000, dhidi ya 165,000 za mvinyo. Video ya mvinyo ilikuwa imeuza asali. Shangazi hakufurahi. "Nimehangaika miaka miwili kuiongezea thamani," alisema, "wao wanaitaka vilevile ilivyotoka mzingani." Lakini makopo aliyafunga.

Mawili madogo niyapitie haraka. Nilirekodi video ndefu ya dakika 14, jinsi ya kutengeneza mvinyo wa asali hatua kwa hatua, nikaiweka YouTube. Inatazamwa mpaka leo, na kila anayepiga simu kutokana nayo ni mtu anayetaka kutengeneza wa kwake: Morogoro, Singida, Kitale. Mwalimu mstaafu anafurahia, anawaelekeza, mmoja alimtumia picha ya pipa lake. Sokoni haijatuletea kitu. Na video nyingine iliondolewa na mtandao ndani ya saa moja kwa sababu binamu yangu wa miaka 16 alipita nyuma akiwa ameshika trei ya glasi. Kanuni za mitandao hii juu ya vileo na watoto ni kali, na kwa hili zina haki. Hata katalogi ya biashara ya WhatsApp hairuhusiwi kuwekwa pombe. Tangu hapo, mwenye umri chini ya miaka 18 hata sauti yake haisikiki kwenye video zetu.

Daftari

Kati ya Oktoba na Desemba 2023 hatukuposti chochote. Shangazi alikaa na daftari lake akachora mstari wima: kushoto walionunua chupa moja au mbili, kulia walionunua sita au zaidi kwa mkupuo. Upande wa kulia majina yalikuwa machache, na karibu yote yalifuatana na sherehe: sendoff, harusi, kipaimara, jubilei ya padre. Kisha akauliza swali la pili, na mimi naamini ndilo lililoibadilisha biashara hii: nani huamua meza ya sherehe inywe nini?

Siyo bibi harusi. Hapa kwetu huamua kamati, na ndani ya kamati kuna mtu wa vinywaji, na mtu wa vinywaji humsikiliza MC, mpambaji na mpishi, kwa sababu hao wameona sherehe mia na yeye ameona tatu. Tulipoorodhesha MC, wapambaji na wapishi wa sherehe wa Tabora mjini, tukapata watu 30. Watu thelathini tu, dhidi ya laki mbili na elfu kumi.

Video tuliyowatengenezea ni ya dakika nne, na kwa vipimo vya mitandao ni mbovu: ndefu, haina muziki, inaanza na "Shikamoni, na walio wadogo hamjambo." Safari hii shangazi anaonekana. Amesimama nyuma ya meza ya watu kumi iliyopambwa. Anasema meza hii itahitaji chupa mbili, glasi ndogo, siyo bilauri. Uwekwe kwenye barafu saa mbili kabla. Uende na mbuzi wa kuchoma au kuku wa kienyeji, usiende na keki. Anataja gharama ya meza moja na anailinganisha na kreti za bia. Anasema pia usichopaswa kukitarajia kwenye mvinyo huu: hauna povu, siyo mtamu kama soda, na mgeni aliyezoea mvinyo mtamu mwekee kipande cha embe pembeni.

Kwenye sehemu ya ladha tulikaa siku tatu tukibishana. Mimi nilikuwa nimeandika maneno ya kuiga lebo za nje, matunda ya misitu ya huko na maua ambayo sijawahi kuyanusa. Shangazi aliyafuta yote. Akafumba macho, akaonja, akasema: "Mwanzo unakuja kama maji ya ukwaju yaliyokolea kiasi. Katikati unasikia tunda la furu, lile lililoiva likaanza kukunjamana. Mwisho kabisa kuna moshi kidogo, moshi wa mrina asali, halafu unaondoka." Mtu wa Tabora aliyeokota furu porini akiwa mtoto hahitaji kuelezwa zaidi. Na hapa ndipo nilipomwelewa Vaynerchuk upya, maana kitu alichokifanya vizuri kwenye vipindi vyake ni kuuondoa mvinyo kwenye lugha ya wakubwa wa mvinyo, akiufananisha na peremende na vyakula ambavyo watazamaji wake walivijua. Hilo ndilo la kuiga kwake. Kamera kila mtu anayo.

Kueleza waziwazi kulimaliza pia ule ugomvi wa wanzuki. Kwenye sekunde 38 hatukuwa tumesema chochote, na mtu akiona asali inachemka Tabora anajaza mwenyewe kile anachokijua. Kwenye dakika nne, mwalimu anasema wazi: wanzuki ni ya kunywa leo, huu umekaa miezi sita, jaribu vyote viwili utofautishe. Hakuikana wala kuidharau wanzuki. Wapishi wawili katika wale thelathini ni wapika wanzuki, na wote wawili ni wateja sasa.

Tuliituma kwa WhatsApp, kwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja na salamu yake ya sauti. Kazi hiyo ilichukua jioni tano. Mtu ataniuliza kwa nini hatukuweka status tukalala. Status ya WhatsApp humfikia aliyehifadhi namba yako, nawe umehifadhi yake, na baada ya saa 24 haipo tena. Orodha ya kutuma kwa pamoja nayo ina ukomo wa watu 256 na haimfikii asiyekuwa na namba yako. Tulikuwa tumezoea kuona status zetu zikitazamwa na watu 90 na kudhani mji mzima umeona, kumbe ni shemeji na wanakwaya walewale. Kwa hiyo tangu Januari 2024 kila chupa inatoka na kikaratasi kizibani: namba ya simu, na chini yake, "Ihifadhi kwa jina la Mwalimu wa Mvinyo." Status ikaanza kuwa na maana baada ya hapo, siyo kabla.

Video ile ya dakika nne imetazamwa mara 600 na kidogo, tukijumlisha na waliosambaziana. Kati ya Juni na Septemba 2024, msimu wa harusi baada ya mavuno, iliuza katoni 21 za chupa 12. Chupa 252. Zote zilibebwa kwa bajaji, hakuna iliyovunjika.

Nilijaribu pia kulipia tangazo, shilingi 30,000, nikichagua Tabora mjini na umri kuanzia miaka 18. Lilileta chupa 14. Si haba, lakini faida ya chupa 14 ukiondoa bei ya tangazo ni nauli tu. Nisingemkataza mtu kujaribu. Ningemwambia tu kwanza atafute wale thelathini wake.

Swali moja bado linanisumbua, na wale wanaokuja kibandani huliuliza pia: bila ile video ya laki mbili, hii ya mia sita ingefanya kazi? MC mmoja alituambia alipoona sura ya shangazi alisema, "Kumbe ndiye yule wa mapovu." Kwa hiyo kelele ilifanya kitu fulani. Hata hivyo, katika wale thelathini, waliokuwa wameiona ni saba, na kati ya walionunua katoni nyingi zaidi watatu, wawili hawakuwahi kuiona. Mimi naipa sifa moja tu isiyo na ubishi: iliuza asali, na mpaka leo inauza asali. Pesa za makopo hayo ndizo zilizonunua mapipa mawili mapya.

Sasa mapipa ni sita. Mwezi uliopita duka moja la Mwanza liliomba katoni 40 kwa bei ya jumla. Nilipiga hesabu mara mbili: hizo ni chupa 480, mapipa manne kati ya sita kwa mzunguko mzima, na wapambaji wa Tabora wangebaki na mapipa mawili msimu wa harusi. Nilimpelekea shangazi ujumbe nikitarajia furaha. Akajibu kwa sauti, nyuma yake unasikia blup, blup: "Mwambie namtumia chupa mbili aonje. Katoni, tuzungumze mwakani."

Na leo asubuhi kuna MC ameandika. Sendoff ni Jumamosi, anataka katoni mbili, na kamati inaomba yule mwalimu aje mwenyewe ukumbini awaeleze wageni habari ya moshi na furu kabla ya chakula. Nimemkuta anapiga pasi kitenge. "Shikamoo shangazi, nije na simu nirekodi?"

"Marahaba, baba. Njoo nayo," akasema. "Lakini kwanza ubebe barafu."